Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu simu, kompyuta na usalama wa pesa na jina lako

Mwaka 2004 nilifungua chumba cha intaneti Ngamiani, Tanga, chenye kompyuta sita za mitumba. Leo chumba hicho hicho ni steshenari na uwakala wa pesa. Zamani watu waliingia wakiuliza, "Nitafunguaje barua pepe?" Siku hizi wanaingia wakiuliza, "Pesa yangu imekwenda wapi?" Maswali yanajirudia mno, nikaona niyaandike pamoja na majibu ninayowapa. Mengi yanahusu Tanzania. Pale ninapoujua utaratibu wa Kenya nimeutaja.

Je, ni kweli maisha yamebadilika kiasi hicho?

Yamebadilika, tena ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana wajukuu, na mfukoni anabeba simu yenye nguvu kuliko kompyuta zile zilizokatazwa. Nilipoanza kazi, intaneti yetu ilipitia kwenye dishi la setilaiti. Mvua ikinyesha, wateja walikaa wakatazamana. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, yaani waya wa intaneti uliolazwa chini ya bahari, ulifika pwani yetu, mwaka uliofuata ukaja mwingine, EASSy, na bei zikaanza kushuka. Pesa nazo zilihamia kwenye simu: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Lakini badiliko ninaloliona kubwa zaidi ni jingine. Zamani ukimtumia mama pesa kijijini ulimkabidhi kondakta wa basi, au mtu wa kwenu anayekwenda huko. Shamba likiuzwa, mliandikishana mbele ya mjumbe. Bibi asiyejua kusoma alisomewa barua na mtoto wa jirani. Mambo yalichelewa, na siri zilivuja, sikatai. Hata hivyo kila jambo la pesa lilikuwa na mtu wa pili aliyeliona. Simu imemwondoa huyo mtu wa pili. Unauza, unalipa, unakopa na kuweka sahihi ukiwa peke yako kitandani saa tano usiku. Majibu mengi hapa chini, ukiyaangalia, yanahusu kumrudisha shahidi.

Wezi wanaipataje namba yangu ya siri?

Mara nyingi hawaihitaji. Wanakufanya uiingize wewe mwenyewe.

Nilikuwa na mteja wa miaka mingi, mwalimu mstaafu. Siku moja alisimama kwenye kibaraza cha duka langu, simu moja sikioni, nyingine mkononi. Nilipotaka kumsalimia alinionyesha kwa kiganja ninyamaze. Aliyempigia alilijua jina lake lote na alijua kwamba amestaafu. Alimwambia mafao yake yana marekebisho, asikate simu, na asimshirikishe mtu yeyote kwa sababu hizo ni taarifa za siri za mtumishi. Akaelekezwa abonyeze menyu ya kutuma pesa, aandike namba fulani, halafu mahali pa kiasi aweke "namba ya kumbukumbu" 480200. Namba ile haikuwa ya kumbukumbu. Zilikuwa shilingi. Akaweka namba yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe, na pesa aliyoiweka ya kununulia mabati ikaondoka. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Jambo hili bado linaniuma. Tangu siku hiyo nina sheria dukani: mtu akisimama hapa simu sikioni huku anabonyeza menyu ya pesa, namgusa bega na kumwambia, "Samahani, kata kwanza." Wengine wananikasirikia. Sijali.

Tapeli anataka vitu viwili: uwe na haraka na uwe peke yako. Ukisikia "usikate simu" au "usimwambie mtu", basi hapo hapo umeshapata jibu. Hakuna benki, mtandao wa simu wala mfuko wa pensheni ambao kazi yake itaharibika ukimwita mwanao asikilize.

Namba ya siri nzuri ni ipi?

Isiwe mwaka wa kuzaliwa. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, lakini ukichagua mwaka wako, mwizi anayekujua kwa sura anabaki na miaka michache tu ya kukisia. Isiwe 1234, isiwe mwisho wa namba yako ya simu. Na ile ya simu isifanane na ya kadi ya benki.

Mama yangu anatumia kitochi. Kwa kuwa haingii intaneti, yuko salama?

Yuko salama dhidi ya virusi na programu za ujanja. Dhidi ya utapeli, hayuko salama hata kidogo. Menyu za nyota na reli hazitumii bando, zinapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, ndiyo maana kitochi kinatuma pesa sawasawa na simu janja. Na kinachomfikia mama ni sauti ya mtu na meseji. Ukienda kumsalimia, keti naye mkubaliane jambo moja: akipigiwa na yeyote kuhusu pesa, hata akisema mwanao kaanguka shuleni yuko hospitali, mama anakata, kisha anakupigia wewe kwanza. Mwandikie namba yako kwenye karatasi, ibandike ukutani.

Nimepata meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nifanye nini?

Usijibu. Meseji hiyo imetumwa kwa maelfu ya watu, ikimtafuta yule mmoja ambaye asubuhi hiyo kweli alikuwa anadaiwa kodi. Ndiyo maana haitaji jina lako. Tanzania unaweza kuituma namba ya tapeli kwenda 15040, bila malipo. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma 333.

Iko dada yake: meseji ya muamala ya uongo. "Umepokea Tsh 85,000 kutoka kwa..." Dakika mbili baadaye mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Usiiamini meseji, angalia salio. Kama salio halijaongezeka, hakuna kilichoingia. Na kama pesa imeingia kweli kwa makosa, usiirudishe kwa kumtumia mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake waurudishe muamala. Mwenye haki hapotezi kitu kwa utaratibu huo.

Wakala aliyenisajilia laini aliniambia niweke kidole mara tatu, "haijasoma". Ni kawaida?

Inawezekana haikusoma kweli. Mikono ya mkulima au ya mama anayefua nguo kila siku alama zake huwa zimelika. Lakini upo mchezo wa kusajili laini ya pili kwa jina lako huku ukidhani unarudia ya kwanza. Laini hiyo huuzwa, na siku ikitumika kutapeli, jina linalotokea ni lako.

Piga *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Fanya hivyo leo, kisha baada ya kila usajili. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho, uikane, waifunge. Nimekaa na wateja wengi tukipiga namba hii pamoja, na zaidi ya mmoja amekuta kitu ambacho hakukitarajia. Jisajili kwenye duka lenye anwani, hata kama mwavuli wa barabarani uko karibu zaidi.

Simu yangu ilipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao. Ni nini?

Inaweza kuwa kadi imelegea. Izime, iwashe, ihamishie kwenye simu nyingine. Ikiendelea hivyo kwa dakika kumi, chukulia kwamba kuna mtu amehamisha namba yako kwenye kadi nyingine. Mwizi hujifanya ni wewe uliyepoteza laini, akiwa na taarifa zako na pengine msaada wa mtu wa ndani, na kuanzia hapo namba za uthibitisho za benki yako zinafika kwake. Wizi huu hupendwa kufanywa usiku au mwisho wa juma, unapodhani mtandao ni mbaya tu.

Azima simu ya mtu palepale. Piga mtandao wako wafunge laini, kisha piga benki wafunge akaunti. Kuelezana na familia kutakuja baadaye. Safaricom wana *100*100# ya kuzuia laini yako isibadilishwe ovyo. Kwa mitandao mingine, uliza dukani kwao kama wana kinga ya namna hiyo.

Rafiki ameniomba nimsomee namba iliyoingia kwenye simu yangu kwa makosa. Kuna ubaya?

Ubaya mkubwa. Zile tarakimu sita ni ufunguo wa WhatsApp yako. Huyo rafiki naye ameshaibiwa, unayeongea naye ni mwizi. Ukimsomea, baada ya dakika chache utakuwa "wewe" kwenye kundi la familia ukiomba laki mbili za dharura, na shangazi yako atatuma, kwa sababu anakupenda.

Ikishatokea, fungua WhatsApp upya kwa namba yako na uombe namba mpya ya uthibitisho. Ukiingia, yeye anatolewa. Kama mwizi aliwahi kuweka namba ya siri ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo namba. Wakati huo wapigie watu kwa sauti, uwaambie. Kinga ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti sasa, kabla mwizi hajauwasha yeye. Angalia pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Nimeona simu ambayo ujumbe wake wote ulikuwa unasomwa kwenye kompyuta ya ofisini ambako mwenyewe aliacha kazi zamani.

Nina nywila moja kwa kila kitu ili nisisahau. Ni vibaya?

Ndiyo, na sababu yake haihusiani na ujanja wako. Mwaka 2013 Yahoo waliibiwa taarifa za akaunti zote walizokuwa nazo, bilioni 3, na ukubwa huo ukatangazwa mwaka 2017. Wengi wa wale tuliowafungulia barua pepe hapa Ngamiani walikuwa Yahoo. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Lakini wezi huchukua nywila iliyopatikana sehemu moja wakaijaribu kila mahali. Ikiwa ni ileile kwenye barua pepe, mitandao ya kijamii na benki, wameshaingia kote.

Barua pepe ndiyo uilinde kwanza, maana kila akaunti nyingine ukisahau nywila inakurejesha huko. Urefu una nguvu kuliko alama za ajabuajabu: maneno manne yasiyohusiana, mfano kibatari, ukwaju, Alhamisi, ngazi, ni rahisi kukumbuka na ni magumu kukisia. (Usitumie hayo, nimeshayaandika.) Kuna programu za kutunza nywila na ni nzuri. Kama zinakutatiza, andika kwenye daftari uliweke kabatini nyumbani. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako Korogwe.

Tovuti ikiwa na alama ya kufuli, ni salama?

Kufuli inasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasikilizwi njiani. Haisemi unazungumza na nani. Tapeli pia anaweka kufuli, tena bila kulipa. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliielewa vibaya. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi, hasa sehemu ya mwisho ya jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaolifuata.

Flashi yangu imeingia virusi nilipokuja kuprinti. Nimepoteza kazi?

Kama mafaili yamegeuka kuwa vijialama vya mkato, kwa kawaida kazi yako bado ipo, imefichwa tu. Usiviguse, mletee mtu anayejua. Nawashauri wanafunzi wajitumie kazi kwa barua pepe badala ya kubeba flashi kutoka steshenari moja hadi nyingine.

Hatari kubwa zaidi ni programu zinazofunga mafaili yako na kudai kikombozi. Mei 2017 WannaCry ilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Microsoft walikuwa wameshatoa marekebisho miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuyaweka. Kwa hiyo kompyuta ikikuomba isasishwe, kubali, hata kama bando linauma. Na kama bado unatumia Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nakala ya pili ya tasnifu na picha za marehemu wazazi iwe mahali pengine, ambapo hapajaunganishwa na kompyuta hiyo.

Fundi simu ameniomba mchoro wa kufungulia. Nimpe?

Kwa kubadili kioo anauhitaji dakika moja tu ya kujaribu, na unaweza kusimama ukaufungua wewe. Kama lazima uiache simu, toa laini na memori kadi uondoke nazo. Ukiuza simu, kufuta picha moja moja hakutoshi: ondoa akaunti yako ya Google kwanza, kisha irudishe simu katika hali ya kiwandani.

Programu ya mkopo inaomba kuona namba za watu kwenye simu yangu. Kwa nini?

Ili siku ukichelewa kulipa iwaaibishe jamaa zako pamoja nawe. Wateja wangu wameletewa ujumbe kwamba fulani amekimbia deni na wewe ni mdhamini wake, wakati hawajawahi kumdhamini mtu. Mwalimu wa madrasa, mkwe, bosi, wote wanapata. Nimeona ndoa ikitikisika kwa mkopo wa elfu thelathini.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Kama umewekwa "mdhamini" bila ridhaa, hudaiwi chochote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake inayopokea malalamiko. Kenya wana sheria ya mwaka 2019 na kamishna wake. Lalamikeni, jamani. Sheria isiyopelekewa malalamiko haimfikii mkosaji.

Kwa nini Mei 2024 intaneti ilipotea karibu Afrika Mashariki nzima?

Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Wengi walidhani ni mtandao wao tu. Mawasiliano yetu na dunia yanategemea nyaya chache sana zilizolala chini ya bahari. Ninachowashauri wafanyabiashara ni kuwa na fedha taslimu kidogo za siku mbili, na daftari la madeni la karatasi.

Wanasema kompyuta sasa inaweza kuigiza sauti ya mtu. Ni kweli?

Kweli. Kipande kifupi cha sauti yako kinatosha. Nyumbani kwetu tumekubaliana swali moja la zamani ambalo jibu lake halipo mtandaoni. Atakayeomba pesa kwa sauti yangu bila kulijibu, asipewe.

Naweza kuweka picha za mahafali ya chekechea?

Weka picha yenye furaha, acha ile yenye jina la shule kifuani na bango la mtaa nyuma. Na watoto wa wenzako, omba ruhusa kwa mama zao.

Nimeshatapeliwa. Nianzie wapi?

Usikae ukijilaumu, dakika zinahesabika. Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, utaje namba ya muamala. Kama pesa haijatolewa kwa wakala, wanaweza kuizuia. Usifute meseji hata moja. Nenda polisi na simu yenyewe uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, maana mtandao na benki watakuuliza. Makosa haya yana sheria yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo hakuna haja ya kumbembeleza mtu akuandikie maelezo.

Nitakuwa mkweli: waliorudishiwa pesa kati ya wateja wangu ni wachache, na karibu wote walipiga simu ndani ya nusu saa. Yule mwalimu alikaa siku mbili bila kumwambia hata mkewe, kwa aibu. Kama aliyeibiwa ni mzazi wako, usimfokee. Ukimfokea, safari ijayo hatakwambia.

Laini yangu ya zamani nimeiacha miaka miwili. Kuna shida?

Ipo. Laini isiyotumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Kama akaunti yako ya benki, barua pepe au Facebook bado inaitambua namba ile, ujumbe wa kuthibitisha unamfikia mgeni. Kabla ya kuiacha laini, pita kwenye kila akaunti uweke namba mpya, benki kwanza. Kama umeshaiacha, anza leo na benki, uende mwenyewe dirishani, na kitambulisho mkononi.